Meneja wa Ndizi za Mama

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nalisema hili mapema ili msomaji asipoteze muda kusubiri nishangae. Nimekaa miaka kumi na tisa kwenye kibanda cha ufundi simu Levolosi, na mtu aliyemaliza miaka kumi na tisa pale hana kilichobaki. Nimeletewa simu iliyochemshwa ndani ya sufuria ya makande. Nikaianika siku mbili, ikalia. Asubuhi moja mume aliniletea simu ya mkewe nimfungulie namba ya siri, na kabla ya saa sita mke akaja na ya mume. Wote wawili niliwaambia chombo kimekufa, na mpaka leo ndoa yao ipo.

Elimu yangu ni darasa la saba. Nilipofeli, baba alinipa jembe akanionyesha kahawa. Nilipalilia kahawa yake misimu miwili huko kwetu mlimani, juu ya Makumira, kisha nikashuka mjini na nauli ya kwenda tu. Sikuwa na mtaji wala mjomba. Nilianza kwa kuuza betri za redio nimezipanga juu ya gazeti. Nilivyo navyo leo nimevipata kwa macho yangu na mdomo wangu, na sioni aibu kusema kwamba vyote viwili ni vikali kuliko vya watu wengi.

Hata kazi ya umeneja haikuniangukia. Ilikuja yenyewe kibandani, kwa miguu, ikiwa na watu wawili. Mmoja alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye ndevu zilizochanwa, mkubwa wa kampuni ndogo ya programu za simu iliyopanga ghorofani Themi. Wa pili alikuwa dada wa Kichaga aliyekuwa anachora kurasa za hizo programu, zile mtu anazoziona kwenye kioo. Walikuwa wanatembea na programu yao ya wakulima, wanaomba watu wasiowajua waijaribu, halafu wanawanunulia soda.

Niliijaribu. Soda niliinywa kwanza, maana kazi huwa inaharibika baadaye.

"Hiki cha kukubali mauzo," nikawauliza, "kwa nini kiko chekundu?"

"Rangi ya kampuni," yule dada akasema.

"Mama mwenye miaka sitini hawezi kubonyeza chekundu. Chekundu anajua ni kukata simu. Kaeni hapa kwenye benchi mpaka jioni, mtaona wenyewe."

Walikaa. Siku hiyo walikuja watu kumi na mmoja, na simu zilizokuwa mbovu kweli zilikuwa tatu. Nane zilikuwa nzima. Wenyewe walikuwa wameulizwa swali na simu wakaogopa kulijibu. Nikawaambia wale wawili maneno ambayo baadaye waliyaandika kwa herufi kubwa wakayabandika ukutani ofisini: watu hawashindwi na simu, watu wanaogopa maswali.

Wiki iliyofuata mwenye ndevu akarudi peke yake.

"Mkubwa, njoo tufanye kazi pamoja. Tunataka meneja wa bidhaa."

"Stoo ya bidhaa iko wapi?"

"Hakuna stoo. Bidhaa ni programu."

"Nitakuwa na watu wangapi chini yangu?"

"Hakuna aliye chini yako. Wewe unaamua kitengenezwe nini na kwa nini, wengine wanatengeneza."

Nilifikiri kama dakika moja. Kuamua bila kutengeneza ni kazi niliyokuwa nimeitafuta tangu utoto. Kibanda nikamwachia mpwa wangu, kwa maandishi na kwa mashahidi, kwamba hata nikirudi nitakuwa mgeni. Kwa hiyo mlango wa nyuma niliufunga mwenyewe. Sijui kwa nini niliona hilo ni jambo la ushujaa.

Ofisini walikuwa na desturi zao. Kila asubuhi tulifanya kikao tumesimama, robo saa, kila mtu anaeleza alichofanya jana. Kwetu watu wanaozungumza wamesimama ni wale wanaogombania mpaka wa shamba, lakini nilizoea. Ukutani kulikuwa na vikaratasi vya rangi, kila kimoja wazo la mtu, na kazi yangu ilikuwa kuvipanga: hiki sasa, hiki baadaye, hiki hapana. Niligundua nina kipaji cha hapana. Programu ilikuwa na vitufe ishirini na viwili, nikavipunguza vikabaki vitano. Kijana mmoja mwenye shahada mbili akaniuliza nimetumia mbinu gani. Nikamwambia niliwahi kuuza betri: ukipanga aina ishirini mteja anaangalia na kupita, ukipanga tano ananunua. Akaliandika. Mwaka wa kwanza niliitwa meneja msaidizi, wa pili neno msaidizi likadondoka, na hakuna aliyelitafuta.

Shida ilikuwa kueleza nyumbani. Mama yangu ni mwanamke wa ndizi. Ana migomba kwenye nusu ekari, na mahali pengine migomba na kahawa vimechanganyika, na maisha yangu yote nimemwona akishuka sokoni Tengeru Jumatano na Jumamosi. Nilimkuta jikoni anamenya.

"Wanasema umekuwa meneja," akasema.

"Ndiyo mama. Meneja wa bidhaa."

"Unauza nini?"

"Siuzi. Bidhaa iko ndani ya simu."

"Unauza simu."

"Hapana, mama. Naangalia wanaoitumia wanataka nini, halafu naamua kitengenezwe nini."

"Unawauliza wanataka nini."

"Ndiyo."

"Na wanakulipa kwa kuuliza."

"Wananilipa vizuri."

Akamenya ndizi nyingine mbili. "Basi uulize vizuri," akasema.

Sasa nieleze jambo lenyewe. Wale waliokuwa wanaifadhili kampuni walituma ujumbe kwamba wamechoka kusubiri. Mwenye ndevu alituita, tukasimama, akasema programu ya wakulima itapewa jaribio moja la kweli. Shule moja ya bweni upande wa Usa River ilikuwa inataka ndizi za kupika, mshare, mikungu themanini, Jumamosi kabla ya saa kumi jioni, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanarudi kutoka likizo. Mgavi wa shule, mama mmoja mnene asiyecheka, alikubali kupitia kwetu badala ya madalali wake wa siku zote. Mikungu ikifika, shule ingeingia mkataba wa mwaka na wafadhili wangeendelea. Isipofika, kampuni ingefungwa mwisho wa mwezi. Mwenye ndevu aliponitazama nilijua na mimi ningefungwa nayo. Kibanda si changu tena, na mtu wa umri wangu hapangi betri juu ya gazeti mara ya pili.

"Nani anafahamu wakulima wa ndizi?" akauliza.

Swali hilo kuulizwa mbele yangu lilikuwa karibu ni tusi.

"Mimi nimezaliwa kwenye migomba," nikasema. "Mlimani siulizi njia. Nipeni Jumapili moja."

Yule dada wa michoro akanifuata kwenye ngazi. "Kaka, si tungeenda kwanza tukakaa na akina mama, hata siku moja? Kama tulivyokaa kwenye benchi lako?"

"Dada, kwenu Machame au kwetu?"

"Kwetu Machame, lakini na kwetu..."

"Basi hapa ni kwetu."

Akarudi juu. Ana adabu, na wakati ule adabu yake niliiona ni kukubaliana na mimi.

Jumapili nilivaa suti ya kijivu nikaenda kusali usharika wa nyumbani. Mchungaji alinipa dakika tano kwenye matangazo, nikatumia kumi na mbili. Ibada ilipokwisha niliweka meza nje, chini ya ukuta wa kanisa, nikafungua kompyuta. Fomu ya kusajili wakulima nilikuwa nimeitunga mwenyewe na swali la kwanza lilikuwa: je, wewe ndiye mmiliki wa shamba la migomba? Wanaume wakapanga foleni. Wazee wa kanisa walitangulia, na nyuma yao wakaja majirani niliosoma nao, ambao wao walifaulu. Akina mama walikuwa wamesimama upande wa pili wa uwanja na vitabu vyao vya nyimbo, wanatuangalia. Niliwapungia mkono. Hakuna aliyepunga.

Na baba alikuwa kwenye foleni. Hili nataka niliandike kama lilivyokuwa. Alisimama nyuma ya watu tisa, ameshika kofia, na alipofika mbele ya meza ilibidi ainame kidogo anisikie. Baba aliyenipa jembe. Nikamuuliza kwa sauti ya kazi, ili wa nyuma nao wasikie:

"Je, wewe ndiye mmiliki wa shamba la migomba?"

Akanitazama. Akatazama nyuma yake kwenye foleni. "Ndiyo," akasema.

"Weka kidole hapa, mzee."

Jumapili ile nilisajili wanaume thelathini na wawili. Nilishuka mlima nikiendesha polepole ili watu wanione.

Alhamisi programu ilituma swali kwa wote: una mikungu mingapi ya mshare kwa Jumamosi? Majibu yalianza kuingia kabla sijakaa. Jibu la baba lilikuwa la kwanza: kumi. Mwingine nane, mwingine sita, mwingine kumi na tano, ambaye shamba lake nalijua na haliwezi kutoa kumi na tano hata likiombewa. Kufikia jioni tulikuwa na ahadi za mikungu mia moja arobaini na tatu. Ofisini wakapiga makofi. Mwenye ndevu alinikumbatia, jambo ambalo kwetu wanaume hawafanyi, ila nilivumilia.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilipanda mlima na kenta ya kukodi. Dereva alikuwa Mwarusha wa Kisongo, kijana mtulivu anayetafuna kijiti. Mpango ulikuwa rahisi: tunapita nyumba kwa nyumba, dereva anapakia, mimi nabonyeza, hela inaingia kwenye simu ya mkulima palepale, elfu kumi na mbili kwa mkungu. Nilianza na nyumbani ili iwe baraka.

Baba alikuwa barazani, amevaa shati safi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja na gari."

"Nimefuata ile mikungu kumi."

"Ipi?"

"Uliyoikubali kwenye simu Alhamisi."

"Niliikubali," akasema.

"Iko wapi?"

"Muulize mama yako."

"Mama yuko wapi?"

"Leo ni siku gani?"

Ilikuwa Jumamosi. Nilisimama uani nikageuka kuitazama migomba. Kila shina lililokuwa na mkungu uliokomaa lilikuwa limeshakatwa, kata safi, ya panga la mama, ya jana jioni. Utomvu ulikuwa bado haujakauka vizuri.

Msomaji wa mbali nimweleze. Kwetu kahawa ni ya baba na ndizi ni za mama. Kadi ya chama cha ushirika ina jina la mwanaume, na hela ya kahawa mwanamke haiulizii. Lakini mwanaume hakati mkungu. Akiutaka anaomba, na anaomba akiwa amekaa vizuri. Hela ya ndizi ndiyo chumvi, ndiyo daftari la mtoto, ndiyo sadaka ya mama. Ardhi ni ya mwanaume, mgomba umesimama juu ya ardhi yake, na haumhusu. Hilo nalijua tangu sijaota meno. Nilinunuliwa kaptula ya shule kwa hela ya ndizi. Nalijua kama mtu anavyojua njia ya kwao, ambayo haitazami anapotembea, na ndiyo maana anajikwaa hapo hapo.

"Baba," nikasema, "kama mikungu si yako, kwa nini ulikubali?"

Aliweka kofia kwenye goti. "Uliniuliza mbele ya watu, tena nje ya kanisa, kama shamba ni langu. Ungetaka niseme nini?"

"Na Alhamisi? Alhamisi ulikuwa peke yako."

"Alhamisi niliulizwa mingapi. Mwenye shamba hasemi sifuri."

Dereva alitoa kijiti mdomoni, akakitazama, akakirudisha.

Tulipita nyumba nyingine nane, maana nilikuwa bado mgumu. Katika kila nyumba nilimkuta mwanaume mwenye shati safi amekaa nje anatusubiri, na katika kila nyumba mikungu ilikuwa imeshuka Tengeru alfajiri. Yule wa kumi na tano alijifungia ndani. Tuliona miguu yake chini ya mlango. Mzee wa kanisa mmoja alitupa mkungu mmoja mdogo, mbichi kabisa, akatuomba tuondoke haraka kabla mkewe hajarudi. Saa nne na nusu nilikuwa na mkungu mmoja wa wizi na saa tano na nusu tu za kufikisha themanini.

Nilirudi kwa baba. Alinyanyuka, akaenda mpakani mwa shamba, akakata jani moja refu la isale, lile tunalompelekea mtu tukimkosea, akaniwekea mkononi.

"Nenda nalo kwa mama yako," akasema. "Na usianze kwa kueleza."

Soko la Tengeru siku ya Jumamosi halina haja ya kuelezwa. Nilimkuta mama upande wa ndizi, amekaa juu ya gunia katikati ya wanawake wa kwetu wanaoshuka pamoja na kuuza pamoja. Walikuwa thelathini na wawili. Niliwahesabu bila kutaka, na niliijua hesabu hiyo nilikoipata. Pembeni dalali mmoja mwenye lori la Dar alikuwa anazunguka akigonga mikungu kwa kidole.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," wakajibu wachache.

"Huyu ndiye meneja?" mama mmoja mwenye kitambaa cha njano akauliza.

"Ndiye," mama yangu akasema.

"Meneja wa nini?"

"Wa ndizi zako."

"Mbona sijamwajiri?"

Wakacheka, si sana. Nilimnyooshea mama lile jani kwa mikono miwili. Alilipokea, akaligeuza upande wa pili kama mtu anayekagua noti.

"Umelikata wapi?"

"Mpakani pale nyumbani."

"Nani kakupa?"

"Baba."

"Baba yako anagawa vingi mwaka huu," akasema.

Hapo walicheka kweli, mpaka yule dalali akageuka. Dereva wangu alisogea akainamisha kichwa mbele ya mama, kama kwao wanavyofanya. "Yeyo," akamwita, yaani mama kwa lugha yao, "tunaomba utusaidie. Huyu bosi wangu amechoka." Mama alimgusa kichwa, akamwambia kuna ndizi mbivu nyuma yake, ale. Mimi hakuniambia nile.

Nilikumbuka nilichoambiwa, nisianze kueleza. Kwa hiyo nilieleza kidogo tu: shule, mikungu themanini, saa kumi, kampuni kufungwa, kibanda nilishakitoa. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulipita mbele yetu na suti," akasema, "ukatupungia."

"Ndiyo mama."

"Ulisema kazi yako ni kuuliza."

"Ndiyo."

"Uliuliza nani?"

"Waume zao," nikasema. Mdomo wangu ulikuwa haujawahi kutoa jibu fupi hivyo.

"Huyu," mama akawaambia wenzake, "ametoa ndizi zenu kwa waume zenu nje ya kanisa, na wakaweka vidole. Sasa amerudi kuzinunua. Mnasemaje?"

Walizungumza Kimeru kwa haraka, wakigongana. Wa kitambaa cha njano ndiye aliyeleta jibu. "Dalali anatoa elfu kumi na nne. Wewe utatoa kumi na tano."

"Ofisi imeniwekea elfu kumi na mbili."

"Hiyo ni ya ofisi. Nyingine tatu ni zako."

"Mama," nikasema, nikamgeukia mama yangu, "hata wewe?"

"Nyumbani mimi ni mama yako," akasema. "Hapa nina mikungu saba."

"Baba aliandika kumi."

"Baba yako na hesabu." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Halafu kuna faini. Kila mmoja hapa kilo moja ya sukari. Si ya ndizi hiyo. Ni ya kupungiwa."

Sikubishana. Mimi ni mtu wa biashara, najua mizani ikishaanguka. Nilikwenda kwenye duka la jumla ng'ambo ya barabara nikarudi na sukari kwenye toroli, nikagawa kilo moja moja, nikiwaangalia usoni kila mmoja kama walivyotaka. Halafu nilitoa kompyuta, nikakaa chini, kwenye majani ya migomba, na suti. Kila mama alikuja akainama mbele yangu, ila safari hii swali lilikuwa tofauti. Mama ndiye aliyelitunga, palepale.

"Usiulize shamba la nani," alisema. "Uliza nani anakata."

Nani anakata mkungu? Mimi. Namba ya simu? Hii hapa. Mikungu mingapi? Na hapo hakuna aliyesema kumi akiwa na saba. Mmoja alisema miwili, akaileta miwili, na hesabu ikafika themanini.

"Na wanaume?" nikauliza. "Nikiwafuta kwenye programu watajua. Kijiji kizima kitajua."

Wanawake wakatazamana. Nilidhani watafurahi. Hawakufurahi; ni waume zao, wanarudi kwao jioni.

"Usiwafute," mama akasema. "Waache walivyo, wenye shamba. Sisi ukituuliza mikungu, wao watumie salamu. Waambie mikungu yao imefika salama."

Hicho kitu kipo kwenye programu mpaka leo. Kila Jumamosi jioni mwanamke anapata hela, na mwanaume anapata ujumbe: Mzee, mikungu ya shamba lako imefika salama, asante. Nimewahi kuwaeleza watu wenye shahada kwenye semina moja pale mjini, wakaniuliza nilikifikiaje. Niliwaambia ni uzoefu. Baba anazo zote, hajafuta hata moja. Jirani akija, anamwonyesha.

Tulifika shuleni saa kumi kasoro dakika kumi na nne. Mgavi alihesabu mikungu mwenyewe, mara mbili, akaweka pembeni ule mmoja mbichi.

"Huu umetoka wapi?"

"Huo ni wa mzee mmoja wa kanisa."

"Mrudishie," akasema, akasaini.

Jumatatu tulisimama kwenye kikao cha asubuhi. Mwenye ndevu alisema wafadhili wameridhika na mkataba wa shule upo. Yule dada wa michoro alitoka kwenye duara. Alikwenda kwenye ule ukuta wenye maneno yangu, watu wanaogopa maswali, akachukua kalamu akaongeza chini yake: hasa wakiulizwa mbele ya watu. Nilimwambia ameandika vizuri. Tangu siku hiyo hakuna programu inayotoka ofisini kwetu kabla yeye na mimi hatujakaa kwenye benchi la mtu fulani kutwa nzima, na anayechagua benchi ni yeye. Mshahara wangu umepanda mara mbili tangu hapo, na nina vijana wanne chini yangu, ingawa waliniambia hakuna aliye chini ya meneja wa bidhaa.

Kilichobaki ni fedha zangu. Nilimpelekea mhasibu wa kampuni karatasi: nyongeza ya bei ya mikungu themanini, nusu siku zaidi ya kenta, sukari kilo thelathini na mbili. Alisoma, akauliza risiti. Nikamwambia wanawake wa Tengeru hawatoi risiti. Akauliza kama kuna ushahidi wowote wa maandishi kwamba faini ilidaiwa na ilipokelewa. Nikamwambia lipo jani. Akasema kwenye mfumo wake hakuna sehemu ya jani, akanirudishia karatasi yangu ikiwa imekunjwa vizuri, na ninayo bado, na chini yake jumla nimeipigia mstari mwenyewe: shilingi laki tatu, elfu tisini na mbili na mia nne.